Miaka Minne ya Chuo, Miongo ya Bomba

Machi 2025, kampuni inayojenga Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, ilitangaza kwamba imekamilisha awamu ya kwanza ya mikopo kutoka nje. Miongoni mwa wakopeshaji, pamoja na Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na Stanbic Uganda, lilikuwapo jina linalosomeka kwenye mabango ya Thika na Ruiru: KCB, kupitia kampuni yake tanzu ya Uganda. Kwa miaka kadhaa vijana na mashirika ya mazingira walikuwa wamezibana benki na kampuni za bima za Ulaya, Marekani na Japani zijitenge na mradi huo, na nyingi zilijitenga. Pengo lililobaki likazibwa, kwa sehemu, na pesa za kwetu.

Basi kijana wa Juja au Kahawa Sukari anayesoma habari za mafuta na misitu ya Uganda na Kongo hasomi habari za majirani tu. Karo yake huenda hupitia benki hiyo, na Hazina ya Kenya ni miongoni mwa wenye hisa kubwa ndani yake. Ukanda wa Thika Road una vyuo vilivyofuatana kama vituo vya matatu: Kenyatta pale Kahawa, Zetech upande wa Ruiru, Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia (JKUAT) Juja, Mount Kenya na Gretsa Thika. Sijui sehemu nyingine ya Kenya, nje ya Nairobi yenyewe, iliyokusanya vijana wengi wenye elimu hivi kwenye barabara moja. Nataka kupima vijana wa namna hii wamefanya nini mbele ya mafuta, hapa na kwingineko, na kwa nini mara nyingi wameshindwa ilhali ushujaa hawakukosa.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. EACOP ina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya bonde la Ziwa Albert yana nta nyingi, kwa hiyo bomba sharti lipashwe moto hadi nyuzi 50 hivi, usiku na mchana, ili yasigande njiani. Litalishwa na miradi miwili. Tilenga, unaoongozwa na TotalEnergies ya Ufaransa, una visima zaidi ya 400 kwenye mpango wake, na baadhi vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Kingfisher, wa CNOOC ya China, uko ukingoni mwa ziwa. Katikati ya eneo hilo kuna misitu ya Budongo na Bugoma, makao ya sokwe mtu, na kuna Wabagungu wa Buliisa, wavuvi na wafugaji ambao wazee wao wanatunza mahali patakatifu kandokando ya ziwa na mto Nile. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ndiko kwenye msitu wa Ituri na jamii za Wambuti. Kusini zaidi wapo Wabatwa, ambao walikwisha kutolewa katika misitu yao kwa jina la hifadhi kabla hata mafuta hayajagunduliwa.

Serikali ya Uganda ina hoja yake, nayo si ya kudharauliwa. Mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, na mapipa bilioni 1.4 hivi yanaweza kuchimbwa. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa na petroli kwa karne nzima zinapata wapi ujasiri wa kuikataza Uganda? Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya mradi huo Septemba 2022, Waganda wengi, hata wasioipenda serikali yao, walichukizwa na sauti ile ya kuamrishwa. Naielewa hasira hiyo. Lakini hoja ya taifa kuwa na haki ya mafuta yake haijibu swali la mkulima wa Buliisa ambaye shamba lake lilithaminiwa mwaka 2018 au 2019, akaambiwa asipande tena mazao ya kudumu, kisha akangoja fidia miaka mitatu na zaidi huku bei ya ardhi ikipanda. Haki ya taifa haikumlisha katika miaka hiyo.

Na hayo yalitokea kabla pipa moja halijasafirishwa. Ubaya wa mafuta ni kwamba madhara yake huanza mapema kuliko mafuta yenyewe, kisha huendelea muda mrefu baada ya kisima kukauka. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote: suala la mafuta ni suala la muda, na muda ndio ambao harakati za vijana hazina.

Mfano ulio karibu nasi kabisa hauko msituni. Uko Thange, Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Mei 2015 wakazi waliona petroli kwenye maji ya mto wao. Bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilikuwa limevuja. Petroli ikiingia mtoni haiishii juu ya maji. Sehemu nyepesi hupaa hewani, na nyingine, zikiwemo za benzini, huyeyuka majini na kuzama udongoni hadi kwenye visima. Benzini inajulikana kusababisha saratani ya damu. Ndiyo sababu mto unaweza kuonekana safi baada ya mvua mbili, macho yakaridhika, ilhali kisima cha jirani hakinyweki kwa miaka. Mwaka 2019 mafuta yakavuja tena Kiboko, kaunti hiyohiyo.

Watu wa Thange walikwenda mahakamani. Julai 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru Kenya Pipeline, kampuni yenye bomba hilo, iwalipe wakazi zaidi ya 3,000 jumla ya Sh3.8 bilioni, na kuusafisha mto. Kutoka siku ya uvujaji hadi siku ya hukumu ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule, hukumu ilimkuta shule ya upili. Wanafunzi wa chuo waliokuwa mwaka wa kwanza Mei 2015 walikwisha kuhitimu, wakaoa na kuolewa, wakatafuta kazi, wengine wakavuka kwenda Ghuba. Kama wapo waliopiga picha na kuchota maji wakati ule, vielelezo vyao viko wapi? Katika simu gani iliyokwisha kuharibika? Kesi ya Thange haikushinda kwa maandamano ya vijana. Ilishinda kwa sababu wanakijiji hawakuwa na pa kuhamia, wakabaki na madai yao mpaka mwisho.

Sasa tazama Kampala. Oktoba 2022 wanafunzi tisa waliandamana kuelekea ofisi ya Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio lile la Bunge la Ulaya. Walikamatwa, wakapelekwa rumande gereza la Luzira, wakashtakiwa kwa kosa la kero kwa umma, na kesi yao ikaburuzwa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 2024 vijana wengine kwa makumi walikamatwa katika maandamano kama hayo, baadhi yao wakiwa njiani kwenda ubalozi wa China. Kosa la kero kwa umma ni dogo kisheria, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Halimfungi kijana miaka ishirini. Humfanya aripoti kituoni, arudi mahakamani tarehe baada ya tarehe, akose mitihani, ahofiwe na mwajiri, mpaka miaka minne ya shahada iishe na nguvu ziishe nayo. Dola imeielewa kalenda ya mwanafunzi kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Mahakamani nako, saa ndiyo iliyoamua. Novemba 2020 mashirika ya kiraia ya Uganda, Tanzania na Kenya yalifungua shauri dhidi ya EACOP katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 majaji walilitupa bila kugusa habari za misitu, ziwa wala watu. Sababu ilikuwa moja: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kulalamika tangu mlalamikaji ajue jambo lenyewe, na majaji waliona kwamba hesabu hiyo ilipaswa kuanza mwaka 2017, serikali zilipotia saini mapatano ya bomba. Miezi miwili! Muhula mmoja wa chuo ni mrefu kuliko hapo.

Linganisha na Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipopewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2016, watu wa Save Lamu, kundi la wenyeji, walikuwa macho. Sheria yetu inatoa siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, nao wakaifikisha rufaa yao ndani ya muda. Juni 2019 baraza liliifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wazee wa Lamu, wavuvi na vijana wao, hawakuwa na fedha nyingi kuliko waliofungua shauri la Arusha, wala hoja zao hazikuwa nzito zaidi. Walikuwa na mtu anayesoma tangazo siku linapotoka, na watu wa kumwambia.

Ninayasema haya nikijua kwamba vijana wa ukanda huu wana historia ya kujivunia. Mwaka 1999, msitu wa Karura ulipokuwa ukigawiwa wenye vyeo, Wangari Maathai alipigwa na walinzi mwezi Januari, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta wakaingia barabarani kwa hasira. Walirushiwa vitoa machozi, wakapigwa virungu. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na leo watu wa Nairobi wanakimbia asubuhi chini ya miti ya Karura. Juni 2024 kizazi kingine kiliujaza mji na Thika Road, na Muswada wa Fedha ukarudishwa. Damu ilimwagika, na familia zilizopoteza watoto bado zinaomboleza.

Karura na muswada vina jambo moja linalofanana: kila kimoja kilikuwa na siku ya mwisho inayoonekana na mtu mmoja mwenye kalamu ya kukikomesha. Umati barabarani unamtisha mwenye kalamu. Bomba halina mtu wa namna hiyo. Lina wanahisa Paris na Beijing, wakopeshaji Cairo na Johannesburg, serikali mbili, wakandarasi, wathamini wa ardhi, na mkataba ulioandikwa udumu miongo. Ukiandamana leo, kesho mtambo unaendelea kuchimba.

Vijana wa Ekwado walijifunza hili kwa taabu. Huko Amazoni ya kaskazini Texaco ilianza kuchimba miaka ya 1960, ikamwaga mabilioni ya galoni za maji machafu ya visimani kwenye mito na mashimo yasiyotandikwa kitu, na wenyeji wa msituni wanaishi na matokeo hadi leo. Mwaka 2013 serikali ilipoamua kuchimba mafuta katika hifadhi ya Yasuní, kundi la vijana lililojiita YASunidos lilianza kukusanya saini za kudai kura ya maoni. Walikusanya zaidi ya 700,000. Mwaka 2014 mamlaka ya uchaguzi ikazikataa zaidi ya nusu. Wengi wetu tungekata tamaa hapo, na hakuna ambaye angetulaumu. Wao waliyahifadhi makaratasi yao, wakaenda mahakama hii na ile kwa miaka tisa, mpaka Mahakama ya Katiba ikaamuru kura ipigwe. Agosti 2023 takriban asilimia 59 ya wapiga kura wa nchi nzima walisema mafuta yale yabaki ardhini. Waliokuwa wanafunzi walikuwa wamekwisha kuwa wazazi.

Hata hivyo ushindi wa karatasi si mwisho. Mwaka 2020 wasichana tisa wa Amazoni hiyohiyo waliishtaki serikali kwa sababu ya mioto ya gesi inayowaka mchana na usiku karibu na nyumba zao. Januari 2021 mahakama ya Sucumbíos iliwapa haki, ikaamuru mioto iliyo karibu na makazi ya watu izimwe. Muda uliowekwa ulipita mwaka 2023 mioto ikiwaka bado. Nako Kinshasa, Oktoba 2024 serikali ilifuta mnada wa vitalu 27 vya mafuta uliokuwa umegusa Hifadhi ya Virunga na ardhi tope za bonde la Kongo, vijana wa Goma na kwingineko wakashangilia. Mei 2025 ikatangaza vitalu vipya 52. Aliyesherehekea akaenda zake alikuta mambo yamerudi palepale, tena makubwa kuliko mwanzo.

Kuna upande mwingine wa Thika ambao haupendezi kuutaja, lakini haki inataka utajwe. Mafuta ya kupikia nayo yana msitu nyuma yake. Bidco, yenye kiwanda chake kikubwa Thika na iliyowaajiri wazazi wa wengi tunaowajua, iliingia mkataba na serikali ya Uganda mwaka 2003 pamoja na washirika wake, na matokeo yakawa mashamba ya michikichi katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, ndani ya Ziwa Victoria. Mahali palipokuwa na msitu wa mvua na malisho pakageuka safu za michikichi. Mwaka 2015 kundi la wakulima wa Kalangala lilifungua kesi Masaka likidai kwamba ardhi yao ilichukuliwa bila fidia ya kutosha. Kampuni ilikana kutenda kosa. Wapo pia wakulima wadogo wa kisiwa hicho waliopata kipato kizuri kwa michikichi, na ni lazima nao wasikilizwe. Ninachouliza ni hiki: katika miaka yote hiyo, ni chuo gani cha Thika kiliwahi kutuma wanafunzi Kalangala wakaandike kilichotokea, kwa faida na kwa hasara? Msitu ulikatwa kule, na chupa ya mafuta imo jikoni mwa hosteli.

Turudi kwenye maji ya hapa. Mito ya Chania na Thika inakutana mjini Thika na kuelekea Tana. Mto Ruiru unaungana na mito ya Nairobi kwenda Athi, na Fourteen Falls, pale Ol Donyo Sabuk, watalii hukutana na povu na takataka. Kila gereji ya kando ya barabara ina oili chafu inayotolewa kwenye injini, na nyingi huishia mtaroni. Kijana asiyejua kupima mafuta kwenye maji ya Ruiru atakuwa msaada gani kwa Mbagungu siku Kingfisher itakapovuja? Na kinyume chake, akijifunza hapa, atakuwa na kitu cha kupeleka huko. Juja kuna maabara. Kemia ipo, uhandisi wa mazingira upo, sheria inafundishwa kando ya barabara hiihii, uandishi wa habari pia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amekwisha kupata hasara. Waganda nao wana kipengele katika sheria yao ya mazingira ya 2019 kinachotambua haki za maumbile yenyewe. Zana zipo. Kinachokosekana ni taasisi ya vijana inayokumbuka kuliko mtu mmoja anavyoweza kukumbuka.

Nimesikia ikisemwa kwamba vijana hawana subira. Sikubali. Vijana wa Kampala waliorudi barabarani baada ya Luzira wana subira kutuzidi. Tatizo ni kwamba kila kundi huanza upya. Mwenyekiti wa chama cha mazingira anahitimu, anaondoka na nywila ya barua pepe, majina ya mashahidi, matokeo ya vipimo, na namba ya yule mama wa kijijini aliyewaamini. Anayemfuata anapanda miti na kupiga picha. Kampuni ya mafuta, kwa upande wake, ina mafaili ya mwaka 2006 katika kabati lile lile.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vya wanafunzi vya Thika Road ni dogo na linatekelezeka. Acheni kwa muda kubuni kampeni mpya. Fungueni kumbukumbu moja ya pamoja kati ya vyuo, yenye msimamizi wa kuajiriwa asiyehitimu mwisho wa mwaka, na mkutubi wa chuo kimoja akubali kuitunza. Iwekwe humo kila tangazo la NEMA linalogusa mafuta, pamoja na tarehe ambayo siku 60 zinaisha. Viwekwe vipimo vya maji vya Ruiru, Chania na Thange, vyenye tarehe, mahali, na jina la aliyechota. Yawekwe masimulizi ya Wabagungu, Wabatwa na watu wa Kalangala, kwa lugha zao na kwa idhini yao, na nakala ibaki kwao. Kisha iandikwe barua kwa KCB, yenye sahihi za wateja wake wa Juja, Ruiru na Thika, kuiuliza ni masharti gani ya mazingira na fidia iliyoyaweka ilipotoa mkopo wa EACOP, na nani anayakagua. Msipojibiwa mwaka huu, watakaowafuata waulize tena mwaka ujao wakiwa na nakala ya barua yenu mkononi.

Mwanzie Thange. Si mbali, basi la Mombasa linapita Kibwezi, na hukumu yenyewe ni waraka wa umma. Nendeni mkaulize kama mto umesafishwa kama mahakama ilivyoamuru, mchote maji, muandike mlichokuta, na muwaachie wenyeji nakala.